Kura, Taifa na Raia: Uhakiki wa Msamiati wa Uchaguzi wa Kikoloni katika Pwani ya Kusini ya Kenya

Utangulizi

Uchaguzi wa kwanza wa Waafrika kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria la Kenya ulifanyika mwezi Machi 1957. Viti vilikuwa vinane kwa nchi nzima, na kiti cha Pwani kilichukuliwa na Ronald Ngala, mwalimu aliyekuwa tayari ametunga kitabu cha Kiswahili, Nchi na Desturi za Wagiriama, kilichotolewa mwaka 1949. Wanahistoria wameueleza uchaguzi huo mara nyingi, na aghalabu wameueleza kwa hesabu: watu takriban 126,000 tu walioandikishwa katika nchi ya mamilioni, na mpiga kura mmoja aliyeweza kuwa na kura moja, mbili au tatu kwa kadiri ya sifa zake. Hesabu hiyo ni ya kweli, na dhuluma iliyomo haihitaji kutiliwa chumvi. Hata hivyo, hesabu peke yake haielezi jinsi watu walivyogawanywa kabla ya kuhesabiwa. Mtu hakuulizwa kwanza ana kura ngapi. Aliulizwa kwanza yeye ni nani.

Makala haya yanakusudia kuhakiki maneno ambayo kwayo swali hilo liliulizwa na kujibiwa katika pwani ya kusini, yaani nchi ya Diani, Msambweni, Gazi, Shimoni na Vanga, ambayo leo imo katika Kaunti ya Kwale. Maneno yenyewe ni machache: kura, taifa, mali, lugha, raia. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba haki ya kura katika koloni ilikuwa suala la majina kabla ya kuwa suala la idadi, na kwamba msamiati wa uchaguzi unaotumika leo katika Kiswahili umebeba alama za mgawanyo huo. Mtaalamu wa lugha anayeyaorodhesha maneno haya kana kwamba hayana historia huifanya kazi yake nusu.

Kura: neno na safari yake

Neno kura limetokana na Kiarabu, na maana yake ya asili ni kitu kinachorushwa au kuchaguliwa kwa bahati ili kuamua jambo ambalo watu wameshindwa kuliamua kwa hiari. Waliotafsiri Biblia kwa Kiswahili walilitumia neno hili kwa maana hiyohiyo. Katika vyuo vya Kurani vya pwani, mtoto hukutana na dhana hii mapema katika kisa cha Nabii Yunus, aliyeangukiwa na kura akatupwa baharini ili jahazi lipone. Kwa msikilizaji wa Msambweni au Wasini aliyekulia katika mapokeo hayo, kupiga kura kulikuwa na sura mbili tangu mwanzo: kumtafuta mtu kwa njia isiyo na upendeleo, na kumtenga mtu na wenzake.

Lugha nyingi zimeanza na neno la bahati nasibu zikaishia na neno la uchaguzi, na hakuna ajabu katika hilo. Jambo la kuangaliwa ni mazingira ambamo maana mpya ilienea. Katika Kenya, Wazungu walipata haki ya kuchagua wajumbe wao kwa sheria ya mwaka 1919, wakapiga kura mwaka 1920, wanaume kwa wanawake. Tamko la serikali ya Uingereza la mwaka 1923 liliweka viti 11 vya Wazungu, 5 vya Wahindi na kimoja cha Mwarabu wa kuchaguliwa. Waafrika hawakupewa kiti, bali mmisionari aliteuliwa kusema kwa niaba yao. Ilipofika Oktoba 1944 ndipo Mwafrika wa kwanza, Eliud Mathu, alipoingia katika Baraza, naye pia kwa kuteuliwa. Hivyo kwa muda wa miaka 37, tangu 1920 hadi 1957, kura ilikuwa jambo lililofanywa na wengine. Mwenyeji wa Kwale aliweza kulijua neno na kulisoma gazetini, lakini kitendo chenyewe kilikuwa cha watu wa majina mengine.

Kwa sababu hiyo, si sahihi kusema tu kwamba maana ya kura ilipanuka. Maana ya kisiasa iliingia katika neno hilo ikiwa imefungamana na mpaka wa rangi, na wenye lugha walilazimika kulinyakua neno kutoka ndani ya mpaka huo. Kazi hiyo ya kunyakua ndiyo historia ambayo maelezo mafupi ya kamusi huiacha nje.

Taifa na jina la Mwarabu

Neno la pili lina mkasa mkubwa zaidi. Leo taifa ni umoja mkuu kuliko wote katika siasa: wimbo wa taifa, lugha ya taifa, ujenzi wa taifa. Lakini Mombasa ya zamani ilijua Mataifa kumi na mawili, yaani Thenashara Taifa, nayo yalikuwa jamaa za mji, kila moja na wazee wake. Matatu kati yake, Wakilindini, Watangana na Wachangamwe, yalijulikana kama Thelatha Taifa, na yalikuwa na mafungamano ya muda mrefu na majirani zao wa bara na wa kusini, wakiwemo Wadigo na Waduruma. Katika matumizi hayo, taifa lilikuwa jina la udogo na ukaribu. Mtu alikuwa wa taifa fulani kwa sababu alijulikana nyumba yake, mtaa wake na watani wake.

Kiti cha Mwarabu cha mwaka 1923 kiliuvuruga mpango huo. Sheria ilihitaji kujua nani Mwarabu na nani mzawa, na Kiswahili cha pwani hakikuwa na mstari uliokatwa hivyo. Mtu aliweza kuwa Mwislamu, muungwana, mwenye nasaba inayotajwa hadi ng'ambo, na papo hapo akawa mtu wa mji asiye na nchi nyingine. Neno ustaarabu, ambalo mzizi wake ni kujifanya au kuwa kama Mwarabu, lilikuwa sifa ya mwenendo, nayo iliweza kupatikana kwa malezi. Sheria ya kikoloni iliigeuza sifa ikawa damu. Mataifa kumi na mawili yalipojikuta yamewekwa nje ya orodha ya Waarabu, chama cha kutetea haki zao kiliundwa mwaka 1927, nacho kikaitwa Afro-Asian Association. Jina hilo la Kiingereza lenyewe ni ushahidi: wenye Kiswahili walikosa neno la Kiswahili ambalo serikali ingelikubali, wakalazimika kujiita kwa mabara mawili.

Mkasa huu umeelezwa kwa marefu katika vitabu viwili muhimu, Life and Politics in Mombasa cha Hyder Kindy cha mwaka 1972, na The Swahili-Speaking Peoples of Kenya's Coast cha A. I. Salim cha mwaka 1973. Kindy aliandika kama mtu aliyekuwamo ndani ya mgogoro, na Salim aliandika kama mwanahistoria, na vyote viwili ni hazina. Hata hivyo, vina mipaka miwili inayomhusu mhakiki wa lugha. Kwanza, vimeandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo taifa na ustaarabu huonekana humo kama maneno ya kufasiriwa, wakati ndiyo yaliyokuwa yakipiganiwa. Pili, mjadala wa haki ya kura unaegemea mjini Mombasa. Ukivuka kivuko cha Likoni kwenda kusini, swali linazidi kuwa gumu, kwani huko wako watu ambao hawakuwa Mataifa kumi na mawili wala Waarabu wa mjini: Wavumba wa Vanga na Wasini, ambao watawala wao walijinasibisha na masharifu, Wachifundi wa Funzi na Shimoni, wanaojiita Washirazi, na Wadigo, ambao wengi wao ni Waislamu lakini wana makaya yao na baraza lao la wazee, ngambi. Majina haya yote yalikuwa hai katika vinywa vya watu. Katika daftari la wapiga kura wa koloni, kila moja lilitakiwa kuingia katika mojawapo ya vyumba vichache vilivyokwisha kujengwa.

Mizani ya 1957: elimu na mali

Masharti ya uchaguzi wa 1957 yalitokana na taarifa ya W. F. Coutts. Mpiga kura alipaswa kuwa na umri wa miaka 21 na sifa mojawapo ya zile zilizotajwa: elimu ya shule ya kati, mapato ya paundi 120 kwa mwaka au mali ya paundi 500, utumishi wa muda mrefu, uongozi katika mabaraza, na nyinginezo za namna hiyo. Kila sifa ya ziada iliongeza kura hadi kufikia tatu. Wakikuyu, Waembu na Wameru waliwekewa sharti la juu yake, la kuthibitisha utii wao kwa serikali. Coutts huyohuyo ndiye aliyetoa ushauri juu ya uchaguzi wa Unguja na Pemba mwaka 1956. Uchaguzi wa huko ulipofanyika Julai 1957, waliopiga kura walikuwa wanaume tu, wa miaka 25 na zaidi, waliotimiza masharti ya mali au ya kusoma. Kutoka Wasini hadi Pemba ni safari fupi ya mashua, na ndugu waliogawanyika kati ya pwani hizo mbili walipimwa na mshauri mmoja kwa mizani mbili.

Mizani ya Kenya ilionekana kuwa ya haki kwa sababu haikutaja kabila la mtu wa pwani. Ilitaja elimu na mali tu. Lakini hapo ndipo uhakiki unapotakiwa, maana kila moja ya maneno haya lilikuwa na maana mbili katika Kwale.

Chukua elimu kwanza. Kwa Mdigo Mwislamu, elimu ilikuwa kwanza ya dini, iliyopatikana chuoni kwa mwalimu. Palikuwa na watu waliosoma Kurani, walioandika barua na mashairi ya Kiswahili kwa hati za Kiarabu, na walioamua kesi za ndoa na mirathi. Sheria haikuijua elimu hiyo. Iliyohesabiwa ni ile ya shule ya serikali au ya misheni, na shule za misheni zilikuwa zimeenea zaidi kaskazini na bara kuliko katika vijiji vya Waislamu wa kusini. Matokeo yake ni kwamba mtu aliyeitwa msomi katika kijiji chake aliweza kuwa mjinga mbele ya karani wa kuandikisha, naye kijana aliyemaliza shule ya kati akawa na kura ambayo mwalimu wake wa dini hakuwa nayo. Hakuna sababu ya kumdharau kijana huyo. Linalodaiwa ni kwamba neno elimu lilitumiwa na pande mbili kwa maana mbili, na upande wenye sheria ndio ulioshinda.

Mali nayo ina mkasa wake. Miongoni mwa Wadigo, urithi ulifuata fuko, yaani ukoo wa upande wa mama, na mali ilipita kutoka kwa mjomba kwenda kwa mpwa, ingawa sheria ya Kiislamu ilikuwa ikishindana na desturi hiyo kwa miaka mingi. Aidha, pwani yote ilijua kwamba mnazi waweza kuwa wa mtu mmoja na ardhi uliposimama ikawa ya mwingine. Juu ya hayo, sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 ilitaka kila mwenye dai katika ukanda wa pwani alithibitishe, na ardhi isiyodaiwa ikawa ya serikali. Wengi wa Wamijikenda walibaki wakilima mahali ambapo hawakuwa na hati. Basi mtu huyu alipoulizwa kama ana mali ya paundi 500, angejibu nini? Minazi ya fuko ni mali ya nani? Shamba lisilo na hati ni mali au si mali? Kiswahili na Kidigo vilikuwa na majibu ya maswali hayo. Fomu haikuwa na nafasi ya kuyaandika.

Hivyo mizani iliyodaiwa kuwa haina upendeleo ilipima watu kwa maneno yaliyokwisha kuondolewa maana zao za kienyeji. Sheria ya 1908 iliinyang'anya jamii ardhi, na masharti ya 1957 yakamdai mtu huyohuyo uthibitisho kwamba anayo.

Vitabu viwili vya watu walewale

Katika mwaka uleule wa 1957, Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ilichapisha kitabu kidogo cha H. E. Lambert juu ya Kivumba, kikafuatiwa mwaka 1958 na kingine juu ya Kichifundi. Vyote viwili vinahusu lahaja za pwani ya kusini ya Kenya. Lambert aliwahi kuwa mtawala katika serikali ya kikoloni kabla ya kujitolea kwa utafiti wa lugha, na kazi zake juu ya lahaja zinastahili heshima hadi leo. Ni nadra kazi hizi kusomwa pamoja na taarifa ya Coutts. Mmoja husomwa na wanaisimu, mwingine na wanahistoria. Lakini vinapowekwa meza moja, huonyesha jambo ambalo hakuna kimoja kinachoweza kulionyesha peke yake.

Kwa Lambert, mtu wa Vanga na mtu wa Funzi wana majina mahususi. Lahaja zao zinatofautishwa kwa sauti, kwa viambishi na kwa msamiati, na tofauti ndogo kati ya vijiji vinavyoonana kwa macho ina thamani ya kuandikwa. Kwa Coutts, watu haohao ni Waafrika wa jimbo la Pwani wenye au wasio na sifa. Isimu iliwapa majina mengi bila haki. Siasa iliwapa haki kidogo bila majina. Wala tofauti hii haikuwa ya bahati. Dola la kikoloni lilikuwa radhi kuhifadhi wingi wa majina mahali ambapo wingi huo haukudai chochote, yaani katika kitabu cha lahaja, na lilikuwa radhi kuufuta mahali ambapo ungeweza kudai kiti.

Hoja hii haina nia ya kumtia Lambert hatiani. Wanaisimu wa leo wana wajibu wa kujiuliza jambo jepesi kutamka na zito kutekeleza: je, maelezo ya lahaja yanapotolewa pasipo kusema wenye lahaja walikuwa na hadhi gani mbele ya sheria, hayawi yanaendeleza mgawanyo uleule? Swali hilo lilikuwa na uzito tangu mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipokichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Wenye Kivumba na Kichifundi hawakuwa na kura katika uamuzi huo pia.

"Lugha yake mwenyewe"

Baada ya mazungumzo ya London ya mwaka 1960, masharti yalilegezwa. Katika uchaguzi wa Februari 1961, mtu aliweza kuandikishwa akiwa anaweza kusoma na kuandika lugha yake mwenyewe, au ana zaidi ya miaka 40, au ana wadhifa, au ana mapato ya paundi 75 kwa mwaka. Viti 53 vilipigiwa kura katika daftari moja, 33 vikiwa wazi kwa wote, na vingine vikiwa vimetengewa Wazungu 10, Waasia 8 na Waarabu 2. Wajumbe wa kitaifa 12 walichaguliwa baadaye na Baraza lenyewe.

Kwa wataalamu wa lugha, sharti la lugha ya mtu mwenyewe ndilo lenye mvuto mkubwa kuliko yote. Lilitungwa kwa nia ya kupanua haki, nalo liliipanua kweli. Lakini lilichukulia kwamba kila mtu ana lugha moja iliyo yake, na kwamba lugha hiyo huandikwa. Katika Msambweni, mtu aliweza kusema Kidigo nyumbani, Kiswahili sokoni, na kusoma Kiarabu msikitini bila kukielewa chote. Kidigo hakikuwa lugha ya kufundishiwa shuleni, na kamusi yake kubwa ya kwanza yenye Kiingereza na Kiswahili, Mgombato, ilitolewa mwaka 2004, miaka 43 baada ya uchaguzi huo. Je, lugha yake mwenyewe Mdigo ilikuwa ipi? Ikiwa ni Kidigo, alidaiwa kusoma kisichochapishwa. Ikiwa ni Kiswahili, basi sheria ilikuwa imekiri, bila kujua, kwamba Kiswahili ni chake sawasawa na cha mtu wa Mvita. Kukiri huko kulikuwa na uzito, kwa maana kwa karne nzima Wamijikenda waliitwa Wanyika, watu wa porini, mbele ya waungwana wa mji, na jina Mijikenda lenyewe lilipata nguvu katika miaka ya 1940, wakati Mijikenda Union ilipoundwa.

Wakati huohuo, swali la mwambao lilipamba moto. Ukanda wa maili kumi ulikuwa kwa sheria nchi ya Sultani wa Zanzibar iliyo chini ya ulinzi wa Uingereza, wakati nyuma yake ilikuwa koloni. Diani na Msambweni zilikuwa ndani ya ukanda. Kinango ilikuwa nje. Watu wa wilaya moja, pengine wa ukoo mmoja, walikuwa na hadhi mbili. Sir James Robertson alitumwa mwaka 1961 kulichunguza jambo hilo, akapendekeza ukanda uunganishwe na Kenya, na Oktoba 1963 Jomo Kenyatta na Mohamed Shamte walikubaliana hivyo.

Hapa ndipo neno raia linapodai uhakiki. Kwa asili ya Kiarabu, raia ni watu walio chini ya mchungaji wao, wanaotawaliwa. Raia wa Sultani hakuwa na haki juu ya Sultani. Alikuwa na himaya yake. Wale waliopigania mwambao ubaki mbali na Kenya walizungumza kama raia kwa maana hiyo ya kale, wakitaka himaya idumu. Wale waliopigania muungano walitumia neno mwananchi, yaani mwana wa nchi, linalodai haki kwa kuzaliwa. Katika uchaguzi wa Mei 1963 watu wazima wote walipata kura, na mwananchi akashinda. Lakini sheria ya uhuru iliporudi kumtaja mwenye haki kwa Kiswahili, ilimwita raia. Neno la mtawaliwa likawa jina la mwenye nchi, na hakuna aliyeona haja ya kulijadili.

Baada ya uhuru

Huenda ikadaiwa kwamba asili ya neno haiamui maana yake, na kwamba mtumiaji wa leo hasikii mchungaji katika raia wala jahazi la Yunus katika kura. Dai hilo ni sahihi kwa kiasi chake. Hakuna lugha inayoweza kuishi ikiwa kila neno litadaiwa risiti za mababu. Lakini Kwale yenyewe imetoa ushahidi kwamba alama za zamani hazijafutika, na ushahidi huo umo katika maisha ya watu.

Wamakonde walitoka Msumbiji wakati wa ukoloni wakafanya kazi katika mashamba ya mkonge na ya miwa ya pwani ya kusini. Katiba ya uhuru ilimpa uraia wa moja kwa moja mtu aliyezaliwa Kenya ikiwa mzazi wake mmoja naye alizaliwa Kenya. Wengi wao hawakutimiza sharti hilo, wala watoto wao. Walizaliwa Kwale, wakasema Kiswahili na Kidigo, wakazikwa Kwale, na hawakuwa na kitambulisho wala kura. Mwezi Oktoba 2016 walianza safari ya miguu kwenda Nairobi kudai haki yao, wakakubaliwa, na mwezi Agosti 2017 wakapiga kura kwa mara ya kwanza. Wapemba wa Shimoni, Vanga na vijiji vingine vya wavuvi walitambuliwa mwaka 2023. Neno lililotumika kuwapokea Wamakonde ni la kutafakariwa: waliitwa kabila la 43. Miaka 53 baada ya kura kuwa ya wote, njia ya kuingia katika taifa ilikuwa bado ni kupewa namba katika orodha ya makabila. Swali la 1923 na la 1957, wewe ni nani, liliulizwa tena, na mtu aliyelijibu kwa kusema yeye ni mtu wa Makongeni hakusikika mpaka alipopata jina la chumba.

Msamiati wa utawala nao una makovu. Jimbo lilipewa katika miaka ya 1960 maana ya serikali ya eneo, na majimbo ikawa kaulimbiu ya KADU, chama cha Ngala. Mpango huo ulipovunjwa, neno lilibaki na harufu ya ugomvi. Tanzania huita eneo la mbunge jimbo bila wasiwasi. Kenya imezoea kusema eneo bunge, na Kwale ina manne: Msambweni, Lunga Lunga, Matuga na Kinango. Yaelekea tofauti hii kati ya nchi mbili zenye lugha moja ina mizizi katika historia hiyo, ingawa vitabu vya mafunzo huieleza, vinapoieleza, kama tofauti ya mazoea tu.

Hali kadhalika lugha ya Bunge. Baraza la kikoloni liliendeshwa kwa Kiingereza, na hata baada ya uhuru mgombea alidaiwa kukijua Kiingereza. Hivyo mwaka 1963 mzee wa Msambweni alipata haki ya kuchagua, lakini hakupata haki ya kuchaguliwa kwa lugha yake. Mwaka 1974 Kiswahili kilifanywa lugha ya Bunge. Mwaka 1975 sheria zilizoandikwa zikarudishiwa Kiingereza. Mwaka 1979 zikaruhusiwa lugha zote mbili, na mgombea akadaiwa azijue zote. Katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na lugha rasmi. Maendeleo haya ni makubwa, lakini yanaonyesha kwamba sharti la lugha, lililoondolewa kwa mpiga kura, lilihamia kwa mgombea.

Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba katika pwani ya kusini haki ya kura iliwekewa mipaka kwa maneno yaliyoonekana kuwa ya kawaida, na kwamba maneno hayo yalibadilika maana katika mapambano. Kura ilitoka katika bahati ikapita katika upendeleo wa rangi kabla ya kuwa haki. Taifa lilikuwa jamaa ya mji likawa nchi. Elimu na mali zilipimwa kwa kipimo cha mgeni, na raia akawa mwenyeji bila neno lenyewe kutubu.

Kutokana na hayo, kazi tatu zinajitokeza kwa idara za Kiswahili. Ya kwanza ni kuandika historia ya msamiati wa siasa wa pwani kwa Kiswahili, kwa kutumia magazeti, barua na kumbukumbu za mabaraza, ili mijadala iliyofanywa kwa Kiingereza juu ya Waswahili irudi katika lugha yao. Ya pili ni kuzirudia kazi za lahaja za kusini, Kivumba na Kichifundi, na kuzisoma pamoja na hadhi ya kisheria ya wenye lahaja hizo. Ya tatu ni ya watunga kamusi: maneno kama taifa, kabila, raia na kura yanastahili maelezo yanayoonyesha vipindi vya maana zake, na miaka yake inapojulikana. Wazee waliojiandikisha mwaka 1957 na 1961 wanazidi kupungua, na ukurasa wa kamusi wakati mwingine ndio pekee ambao mjukuu wa Diani au Makongeni ataufungua kutaka kujua jina analoitwa lilitoka wapi.